Jina Nililolifuta Kwenye Fomu ya Dobi

Niliajiriwa na ile hoteli ya Diani miaka michache baada ya uhuru, nikiwa na miaka ishirini na miwili, na kazi yangu ilikuwa kupiga taipu. Leo nasema hivyo kwa unyonge, lakini wakati ule sikuwa na unyonge wowote. Nilikuwa msichana wa kwanza kutoka Gazi kukaa nyuma ya meza yenye mashine, na mama alikuwa amewatangazia watu wote mpaka wakachoka kusikia. Nikishuka basi pale Ukunda asubuhi, buibui nimelikunja mkobani na viatu nimevipangusa vumbi, niliona kama Kenya mpya yote inanitazama mimi.

Hoteli yenyewe ilikuwa ya kampuni ya ng'ambo. Kampuni hiyo ilikuwa na hoteli katika nchi nyingi, nyingine za baridi, nyingine visiwani upande wa pili wa dunia, na zote ziliendeshwa kwa kitabu kimoja cha kanuni. Kilikuwa kitabu kinene chenye jalada la kijani. Kilieleza shuka ikunjweje, mgeni asalimiwe vipi, mfanyakazi akiugua aandikiwe nini. Meneja wetu, Mzungu mrefu aliyekwisha kufanya kazi katika nchi nne kabla ya kuja kwetu, alikiamini kabisa. Aliniambia siku ya kwanza kwamba uzuri wa kitabu kile ni kuwa hakijali mtu ametoka wapi. Mpishi Mkamba, mhudumu Mdigo, mtunza bustani Mduruma kutoka Kinango, mhasibu Mgoa, wote walikuwa sawa mbele yake. Nilimwona mtu wa haki sana. Mpaka leo naamini alikuwa mtu wa haki, na ndiyo maana habari hii inanipa taabu kuisimulia.

Mwezi wangu wa pili zilikuja fomu kutoka makao makuu. Kila mfanyakazi alitakiwa kujaziwa moja: jina, mahali alipozaliwa, mke, watoto, na mwisho kabisa mstari mmoja uliouliza mtu wake wa karibu zaidi, yule wa kuarifiwa kukiwa na jambo. Fomu zilikuwa kwa Kiingereza, na wengi wa wafanyakazi hawakukisoma, kwa hiyo waliitwa mmoja mmoja ofisini kwangu. Mimi niliuliza, wao wakajibu, nami nikapiga taipu.

Wa kwanza alikuwa dobi mkuu. Alikuwa mtu wa Majoreni, umri wake kama wa arobaini na kitu, mwembamba, mwenye mikono iliyokwajuka kwa sabuni na kanzu fupi nyeupe isiyopata kuwa na doa. Nilimheshimu tangu siku niliyofika, kwa sababu yeye peke yake hakunitania kuhusu meza yangu.

"Shikamoo, baba," nilimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Haya, niulize hayo ya Wazungu."

Nilipofika mstari wa mwisho hakufikiri hata kidogo. Alinitajia jina la mjomba wake, akanitajia na jina la mama yake mjomba, ili nisije nikamchanganya na mtu mwingine. Sikushangaa. Kwetu Wadigo, mjomba si mtu wa kuonana naye sikukuu tu. Mtu huhesabu ukoo wake upande wa mama, na zamani hata shamba na minazi vilitoka kwa mjomba kwenda kwa mtoto wa dada yake. Masheikh walikuwa wakitufundisha kwamba urithi ni wa watoto wa mtu, na wazee wakiitikia amina, kisha wakienda zao kumsikiliza mjomba. Watu wa kwetu waliishi na yote mawili bila kugombana sana. Hata mimi, aliyenisomesha hadi nikajua kupiga taipu ni mjomba, maana baba alikuwa na wake wengine na safari nyingi.

Siku ile nilijaza fomu sita za Wadigo, na tano kati yake ziliishia kwa mjomba. Nikampelekea meneja. Akazipitia kwa kalamu mkononi, akafika ya tatu, ya nne, kisha akacheka.

"Hawa watu hawana baba?" akaniuliza. "Wote wamelelewa na wajomba?"

Hakuwa amecheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu aliyeona kosa moja likirudiwa na mtoto darasani. Lakini mimi nilihisi uso unaniwaka. Mara moja niliona jinsi anavyotuona: watu wasiojua baba zao, watu wa nyuma, na mimi mmoja wao, na buibui langu mkobani. Ningeweza kumweleza kwa maneno mawili. Nilikuwa na Kiingereza cha kutosha. Badala yake nikasema, "Samahani, bwana, ni makosa yangu ya taipu. Nitazirekebisha."

Nikarudi mezani, nikazipiga upya. Mahali pa mjomba nikaweka baba. Ambaye baba yake alikwisha kufa, nikamwandika kaka au mke. Na nilipofika kwenye fomu yangu mwenyewe niliandika jina la baba yangu, mtu niliyekuwa sijamwona karibu mwaka mzima, nikaliona limekaa vizuri sana pale chini.

Kesho yake watu walikuja kutia sahihi. Wengine walitia dole gumba. Dobi alijua kusoma na kuandika, ila kwa herufi za Kiarabu, na akaandika jina lake kwa mkono mzuri kuliko wangu. Kabla ya kuinua kalamu akaniangalia.

"Umemwandika aphu?" Aphu ndiyo mjomba kwa Kidigo.

"Nimemwandika," nikamjibu haraka.

Akatia nukta ya mwisho, akanishukuru, akaenda zake.

Karibu mwaka ulipita. Fomu zilikaa ndani ya kabati la chuma, nami nikazisahau, au nikajifanya nimezisahau. Kazi ilikwenda vizuri. Meneja aliwaleta wageni kutoka makao makuu, akawaonyesha jinsi watu wa makabila saba wanavyofanya kazi pamoja bila kelele, na nilimpigia ripoti kuhusu jambo hilo. Ripoti ilisema siri ni kuwatendea wote namna moja. Niliipiga bila kosa hata moja.

Kisha asubuhi moja, yapata saa tatu, mtu aliyetumwa kutoka Majoreni alifika uani kwa kina dobi, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi. Mjomba wa dobi alikuwa amefariki alfajiri. Maziko yalikuwa baada ya swala ya adhuhuri. Watasubiri hadi hapo, alisema, lakini zaidi ya hapo hawawezi, kwa sababu ya joto.

Dobi alivua aproni, akaikunja, akaja ofisini. Mimi ndiye niliyemtafsiria. Alisema anaomba aondoke sasa hivi, awahi basi, maana yeye ndiye wa kushuka kaburini kumpokea mjomba wake. Hilo halikuwa na mwingine wa kulifanya. Yeye ndiye mtoto mkubwa wa dada wa marehemu, na marehemu mwenyewe alikwisha kumwambia zamani kwamba atawekwa ardhini kwa mikono yake.

Siku hiyo walikuwa wanaingia wageni wengi kwa mpigo, kutoka kwenye ndege, na shuka zao zilikuwa bado ziko kwenye maji. Meneja alitoa pole kwa upole kabisa. Kisha akafungua kitabu cha kijani, akanionyesha. Msiba wa mtu wa karibu, ruhusa siku hiyo hiyo. Msiba wa ndugu mwingine, mfanyakazi aombe kwa maandishi wiki moja kabla. Nani aliyeandika kwamba watu waombe ruhusa wiki moja kabla ya kifo, sijui, lakini hatukuwa na nafasi ya kucheka. Akaniambia nilete faili la dobi.

Nililileta. Nilijua kilichomo. Mahali pa mtu wa karibu zaidi palikuwa na jina la baba yake dobi, mzee aliyekuwa hai na mzima, akilima muhogo huko Majoreni.

"Hapa hakuna mjomba," alisema meneja. "Mwambie aende kesho, nitampa siku mbili. Leo siwezi. Nikivunja kanuni kwa mmoja nitawaambia nini wengine?"

Nikamtafsiria dobi. Nilitafsiri kila neno, ila nilitazama ukutani. Yeye aliliangalia lile faili, akaniangalia mimi, kisha akasema, "Muulize kama ameangalia vizuri."

"Ameangalia, baba."

"Basi mwambie nimesikia."

Angeweza kuondoka tu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakuondoka. Alikuwa na watoto wanne shuleni, na kazi kama ile haikupatikana mara mbili. Tena alikuwa mtu wa kushika neno: kazi ameiingia kwa karatasi, na karatasi imesema. Akarudi kwenye mapipa yake ya maji ya moto, nami nikarudi kwenye mashine nikaanza kupiga orodha ya chakula cha usiku.

Niliipiga orodha ile mara tatu. Kila mara nilikosea. Dirisha langu lilitazama kamba za kuanikia, na nilimwona akitoka na shuka, anaianika, ananyoosha pembe zake, anaingia, anatoka na nyingine. Nilijua basi la saa tatu na nusu limeondoka. Nilijua la saa nne nalo limekwenda. Nilijiambia kwamba nikisema ukweli nitafukuzwa, na mama atawaambia nini watu wa Gazi. Naona haya kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa: mtu alikuwa anakosa kumzika mjomba wake, na mimi nilikuwa nawaza meza.

Saa sita hivi niliinuka. Sikuamua. Miguu ilinyanyuka tu, nikajikuta nimesimama mbele ya meneja bila hata kubisha mlango. Nikamwambia kwamba faili ni la uongo na mwongo ni mimi. Nikamweleza mjomba ni nani kwetu, yale maneno mawili niliyoshindwa kuyasema mwaka uliopita, na yalinichukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Alinisikiliza, uso ukizidi kuwa mwekundu.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Ulicheka, bwana."

"Nilicheka lini?"

Alikuwa hakumbuki. Nilimtazama nikaona kweli hakumbuki hata kidogo. Mimi nilikuwa nimekaa na kicheko kile mwaka mzima, nimewabadilishia watu jamaa zao kwa ajili yake, na yeye kilimtoka kama mtu anavyopiga chafya.

Kwa haki yake, hakupoteza dakika nyingine. Alichukua ufunguo wa gari la hoteli, akaniambia nimwite dobi, na akaendesha yeye mwenyewe. Mimi nilikaa nyuma kwa ajili ya kutafsiri. Alikimbiza gari lile kwenye barabara ya vumbi kama mwehu, Msambweni tukaipita bila kupunguza mwendo, kuku wakitawanyika. Dobi alikuwa mbele kando yake, mikono juu ya magoti, anasoma dua kimyakimya. Hakuniuliza kilichombadilisha meneja, na mimi sikumwambia. Nilijidanganya kwamba tukifika kwa wakati sitakuwa na haja ya kumwambia.

Tulikutana nao njiani, hatujafika hata mji wenyewe. Wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, wana majembe mabegani, na wanne wamebeba jeneza tupu. Meneja akasimamisha gari. Hakuna aliyehitaji kumtafsiria lolote.

Dobi akashuka. Mbele ya wale watu alikuwa mdogo wake, mtoto wa mama yake, na kanzu ya mdogo wake ilikuwa na udongo mwekundu mpaka magotini, na mikono mpaka viwikoni. Dobi aliutazama ule udongo. Nadhani hakutazama kitu kingine.

"Tulikungoja," alisema mzee mmoja. "Tulichelewesha swala kidogo, tukakungoja."

"Nilikuwa kazini," dobi akamjibu.

Ndivyo alivyosema, wala hakumlaumu mtu. Akageuka akaenda makaburini peke yake, na watu wakampisha njia. Meneja alivua kofia akaniuliza aseme nini. Nikamwambia aseme makiwa. Akaenda akawapa mkono mmoja mmoja, makiwa, makiwa, kwa lafudhi yake nzito, nao wakampokea vizuri, maana watu wa kwetu hawamfukuzi mtu aliyekuja msibani. Mimi niliingia ndani kwa wanawake nikalia. Walidhani namlilia marehemu, wakanibembeleza, na mama mmoja akanipa maji. Nilijichukia kuyanywa.

Dobi alikaa matanga siku tatu, akarudi siku ya nne. Nilimwendea kwenye chumba cha kupigia pasi kabla sijaingia ofisini. Nikamwambia yote, jinsi nilivyolifuta jina na jinsi nilivyomjibu alipouliza. Pasi yake haikusimama.

"Nilijua," akasema. "Ulinijibu haraka mno, mwanangu. Nikaona umefanya jambo."

"Mbona hukuniambia nilirudishe?"

"Nikasema ni karatasi tu."

Akageuza shuka upande wa pili. Nilingoja anitukane. Kama angenitukana ningeshukuru. Akaniambia nisiweke viatu vyangu juu ya shuka zilizoanguka chini, basi, na nilipotazama nikaona kweli nimekanyaga moja.

Meneja hakunifukuza. Aliniamuru nikae naye jioni nzima nimweleze watu wetu wanavyohesabu jamaa, akawa anachora mistari kwenye karatasi. Kisha akawaita na wengine. Mpishi Mkamba akaeleza ya kwao. Mduruma akaja na yake, akasema pia kwao kuna upande wa baba na upande wa mama, na kila upande una haki yake. Yule mhasibu Mgoa akasema mtu ambaye yeye hawezi kukosa maziko yake ni baba yake wa ubatizo. Kila mmoja akiondoka, karatasi ilizidi kujaa, na mwisho meneja akaikunja akaitupa kapuni. Alisema kama ataandika kanuni ya kila kabila atahitaji kitabu kinene kuliko kile cha kijani, na bado atakosa mtu.

Alichofanya ni hiki. Alifuta orodha yote ya jamaa, akaweka mstari mmoja mtupu wenye swali: mtu gani huwezi kukosa kumzika? Kila mfanyakazi ajaze mwenyewe, watu watatu, bila kuulizwa kwa nini. Makao makuu yalibisha kwa barua mbili nilizozipokea mimi, kisha yakakubali iwe majaribio kwa hoteli yetu peke yake. Baadaye nilisikia kwamba hoteli nyingine za kampuni ziliuchukua ule mstari, na kwamba meneja alisifiwa sana kwa namna anavyojua kuishi na watu wa desturi mbalimbali. Sikumwonea wivu. Alistahili sifa, kwa sababu aliuliza. Ila nilikuwa nikifikiri kwamba tofauti walizoziona kwetu, za chakula na mavazi na siku za sala, hazikupata kumdhuru mtu pale hotelini. Iliyodhuru ni ile niliyoificha mimi, mtu wa nyumbani, ili tuonekane kama wao.

Meneja aliwakusanya wafanyakazi uani akawatangazia kanuni mpya, nami nikaitafsiri. Watu walipiga makofi. Wadigo walicheka kwa furaha, mmoja akasema sasa wajomba wamepata uhuru wao. Halafu wakapanga mstari mlangoni kwangu kujaza fomu upya.

Safari hii dobi alikuwa wa mwisho. Alikaa, akaniitikia shikamoo yangu, akataja mama yake, nikaandika. Akamtaja baba yake, nikaandika. Ikabaki nafasi ya tatu. Nikangoja, vidole viko juu ya mashine.

"Na wa tatu, baba?"

"Yule nilikwisha kukutajia," akasema. "Sasa sina mwingine. Acha wazi."

Nikapaacha wazi. Akavuta karatasi, akatia sahihi yake kwa zile herufi nzuri, akarudi kazini.